Tela halitii usukani: kutatua matatizo ya kurudisha trekta na tela nyuma

Mtu anaweza kuwa hodari wa kulima, matuta yake yamenyooka toka mwanzo wa shamba hadi mwisho, lakini akifungiwa tela na kuambiwa alirudishe ndani ya ghala, jasho linamtoka. Si kwamba amesahau kuendesha. Tela likivutwa hujinyoosha lenyewe nyuma ya trekta, ila likisukumwa hutafuta kila nafasi ya kujikunja. Kosa dogo ukienda mbele hujifuta baada ya mita chache. Kosa hilohilo ukirudi nyuma huzidi kukua kadiri unavyosogea.

Ndiyo maana karibu kila tatizo la kurudisha tela lina chanzo chake kwenye mita mbili za mwanzo: trekta na tela havikuwa vimenyooka, mwendo ulikuwa mkubwa, au dereva alisubiri mno kabla ya kusahihisha. Mengine yaliyobaki ni ya vyombo vyenyewe, yaani pini (chuma kinachofunga tela kwenye trekta), breki, matairi na difu (gia za ekseli ya nyuma zinazoruhusu gurudumu moja kuzunguka haraka kuliko jingine kwenye kona). Hapa chini nimezitaja dalili kama madereva wanavyozieleza wenyewe, kisha chanzo na dawa yake. Nenda moja kwa moja kwenye dalili yako, lakini sehemu inayofuata usiiruke.

Kabla ya yote: ni nani yuko nyuma?

Tela lenye bodi linaficha eneo lote lililo nyuma yake. Vioo vinakuonyesha pembeni tu. Mtoto aliyechuchumaa nyuma ya tela humwoni kwenye kioo, humwoni hata ukigeuza shingo, na mngurumo wa injini unameza sauti yake. Watoto hupenda trekta, hulikimbilia. Kwa hiyo kila unapotaka kurudi nyuma mahali penye watu, weka gia huru, vuta breki ya mkono, zima injini, shuka, uzunguke tela lote kwa miguu. Angalia watu, mifugo, mashimo, mawe, ukingo wa mfereji, na juu pia: nyaya za umeme na kenchi za paa. Ukimaliza, panda na uanze mara moja. Ukikaa kupiga soga dakika tano, hali uliyoikagua huenda si iliyopo tena, na inabidi uzunguke upya.

Asiyehusika aondoke kabisa. Hakuna wa kukaa juu ya madigadi, hakuna wa kusimama juu ya mkono wa tela (chuma cha mbele kinachofika kwenye pini), hakuna wa kuning'inia nyuma ya bodi “kukuelekeza”.

Ukiwa na msaidizi, awe mmoja tu. Watu watatu wakipiga kelele kila mmoja na lake ni hatari kuliko kutokuwa na mtu. Asimame pembeni, nje ya njia ya tela, mahali unapomwona kwenye kioo. Kubalianeni ishara kabla injini haijawashwa, na ishara ya kusimama iwe moja isiyofanana na nyingine, kwa mfano mikono yote miwili juu. Akipotea machoni pako, kanyaga klachi na breki papo hapo. Usimtafute huku trekta linatembea.

Na kama trekta lako lina kibanda au fremu ya kumkinga dereva likipinduka, funga mkanda. Fremu inakukinga ukibaki ndani yake. Bila mkanda unaweza kurushwa nje na kulaliwa.

“Nakata kulia, tela linakwenda kushoto”

Hakuna kilichoharibika. Ndivyo tela la magurudumu mawili, lenye ekseli moja, linavyofanya kazi. Ukirudi nyuma na usukani umeukata kulia, makalio ya trekta yanakwenda kulia. Pale penye pini, trekta linausukuma mkono wa tela kulia. Tela linazunguka juu ya ekseli yake, kwa hiyo mkia wake unatokea kushoto.

Usijaribu kukariri tu. Lione kwa macho. Tafuta uwanja mpana ulio tambarare, nyoosha trekta na tela kwa kwenda mbele mita kadhaa, kisha simama. Kata usukani robo mzunguko kulia, rudi nyuma kama mita moja, simama tena. Zima, shuka, nenda kasimame kati ya kona ya mbele ya tela na tairi kubwa la trekta. Upande mmoja pengo limepungua, pengine limebaki la kupitisha kiwiko tu, na upande wa pili limefunguka. Angalia pia mkono wa tela ulivyoinama kwenye pini. Ukishaiona hiyo pembe kwa ukaribu, ukirudi juu ya kiti utaielewa unapoiona kwa nyuma.

Kuna njia mbili za kuondoa mkanganyiko wa mikono. Ya kwanza: shika usukani chini kabisa, upande wa tumbo lako. Mkono ukienda kushoto, mkia wa tela unakwenda kushoto. Ukienda kulia, unakwenda kulia. Hapa kushoto na kulia ni vya trekta, ukiwa umekaa unatazama mbele. Njia hii ni nzuri kwa kulianzisha tela.

Ya pili ni ya kulinyoosha, nami naiona bora kuliko zote: tela likijitokeza zaidi kwenye kioo kimoja, kata usukani kuelekea kioo hicho. Limejaa kioo cha kushoto? Kata kushoto. Limejaa cha kulia? Kata kulia. Trekta litalifuata tela na vyote vitanyooka. Huhitaji kufikiri kinyume wala kuhesabu lolote.

Njia hiyo inahitaji vioo vilivyopangwa sawasawa. Kaa kwenye kiti kama unavyokaa kazini, trekta na tela vikiwa vimenyooka, na urekebishe kila kioo mpaka uone ubavu wa tela kama ukanda mwembamba, pamoja na tairi lake pale linapogusa ardhi. Ukiona tairi la tela na ardhi, una karibu kila unachohitaji. Kama trekta halina vioo, tumia kanuni hiyohiyo kwa kugeuka na kutazama pande zote mbili, kushoto na kulia kwa zamu, maana anayetazama upande mmoja tu hugongesha ule mwingine.

“Linaanza vizuri, kisha linajikunja”

Hili ndilo tatizo lenyewe, na ndilo linalovunja vitu. Dereva anakata usukani, tela linaanza kugeuka anakotaka, anafurahi, anauacha usukani vilevile. Pembe inazidi kufunga. Anapostuka na kukata kinyume, tela limeshajikunja na halirudi.

Kulipeleka tela kwenye kona kwa kurudi nyuma kuna hatua tatu, na wengi hufundishwa ya kwanza tu. Tuseme unataka mkia uende kushoto. Kwanza unalianzisha: kata kulia kidogo, mpaka uone tela limeanza kuinama. Pili unalifuata: rudisha usukani katikati na endelea kuukata kushoto, ili trekta nalo lipite kwenye mduara uleule tela linaopita. Hatua hii inapaswa kuanza mapema, tela likiwa ndiyo kwanza limeinama, kwa sababu magurudumu ya mbele yanahitaji muda kufika upande wa pili na tela halikusubiri. Tatu unalinyoosha: ongeza kukata kushoto mpaka trekta na tela viwe mstari mmoja, kisha weka magurudumu ya mbele sawa.

Ukiona hatua ya pili inakuponyoka kila mara, chunguza haya.

Mwendo. Mtu anayetembea kawaida huenda kama kilomita 5 kwa saa. Kwa mwendo huo, sekunde 2 za kusita zinakupeleka karibu mita 3, na mita 3 zinatosha kulikunja tela fupi. Kwa kilomita 2 kwa saa, sekunde hizohizo 2 ni kama mita 1 na kidogo. Weka gia ya chini kabisa ya kurudi nyuma, kwenye kundi la gia za mwendo mdogo, injini ikiwa taratibu. Kama bado ni haraka, usiendeshe kwa klachi nusu muda wote, kwa kuwa utaiunguza. Sogea, kanyaga klachi yote, simama, tazama, rekebisha usukani, sogea tena. Kusimama katikati ya kazi ni ustadi, hata kama wanaokutazama wanaona unachelewa.

Urefu wa tela. Kinachohesabika ni umbali kutoka kwenye pini hadi kwenye ekseli ya tela. Trekta likisukuma pini sentimita 20 pembeni, tela lenye mita 2 kati ya pini na ekseli linageuka karibu nyuzi 6. Lenye mita 4 linageuka karibu nyuzi 3. Ndiyo maana tela fupi ni gumu zaidi kurudisha, ingawa wanaoanza huliogopa lile refu. Ukiweza kuchagua, jifunze kwa tela refu la ekseli moja likiwa tupu, kisha nenda kwenye fupi.

Mwanzo. Kama ulianza kurudi tela likiwa tayari limeinama upande usioutaka, umejipa kazi mbili kwa wakati mmoja. Anza kwa kunyooka.

Sasa, utajua vipi limeshapita pa kurekebishika? Ukiwa umekata usukani wote kuelekea upande ambao tela limejitokeza, na bado pembe inaendelea kufunga, basi hakuna usukani uliobaki. Simama hapo hapo. Ukiendelea, tairi kubwa la trekta litakutana na kona ya tela au mkono wake. Litachanika, mipira ya haidroliki itabanwa na kukatika, mkono wa tela utapinda, na kwenye ardhi iliyoinama tela linaweza kulisukuma trekta ubavuni mpaka lipinduke. Dawa ni moja: gia ya mbele, nenda mpaka vinyooke, anza upya. Kwenda mbele ni sehemu ya kurudi nyuma. Madereva ninaowaheshimu husogea mbele bila aibu yoyote, na mara nyingi hufanya hivyo mapema kuliko wanafunzi.

“Najaribu kurudi moja kwa moja, linatambaa kama nyoka”

Chanzo ni masahihisho makubwa yanayokuja kwa kuchelewa. Tela limeinama kidogo kushoto, dereva anakata mno, linavuka mstari na kuinama kulia, anakata mno tena. Kila zamu pembe inaongezeka mpaka linajikunja.

Punguza ukubwa wa mkato. Kwa kurudi moja kwa moja, usukani husogea kidogo tu kila upande, na mara tu unapoona tela limeanza kuitika, unaurudisha. Usisubiri linyooke kabisa ndipo uache kusahihisha. Chagua pia kitu cha mbali cha kulenga nyuma, kama nguzo ya ghala, badala ya kulitazama tairi la tela muda wote. Anayetazama tairi pekee huona limeinama, lakini haoni linaelekea wapi.

Kama tabia hii inatokea hata kwa dereva mzoefu akipanda trekta hilohilo, basi kagua usukani. Usukani wenye uchezo mwingi, unaozunguka bila magurudumu kuitika, unakulazimisha uchelewe hata kama macho yako ni mepesi. Viungo vya usukani vilivyolika vinabadilishwa, havivumiliwi.

“Tela linachelewa kuitika, kisha linaruka kwa kishindo”

Sikiliza sauti kwenye pini. Unakata usukani, hakuna kinachotokea, halafu kunasikika “ko!” ya chuma na tela linatupwa upande ghafla. Huu ni uchezo kati ya trekta na tela, na unatoka sehemu tatu.

Pini nyembamba kuliko tundu, au tundu lililolika likawa na umbo la yai. Tumia pini ya kipimo sahihi, yenye kilipu ya usalama chini. Nondo au bolti iliyookotwa si pini. Ukirudi nyuma kwenye matuta, pini isiyo na kilipu inaweza kuruka juu ikatoka, na utagundua ukianza kwenda mbele.

Chuma cha kuvutia, kile kilicho chini nyuma ya trekta, hakikufungwa katikati. Kwenye matrekta mengi chuma hiki kinaweza kuachiwa kicheze kulia na kushoto kwa ajili ya zana fulani. Kwa kurudisha tela kinatakiwa kifungwe katikati kwa pini zake pande zote mbili. Kikiachwa huru, unaanza kwa kusukuma chuma mpaka kigote, ndipo tela lisogee. Nimeona madereva wakilaumiwa kwa kosa ambalo chanzo chake ni pini hizo mbili kutokurudishwa.

Tela limefungwa kwenye bapa lililowekwa kati ya mikono ya kunyanyulia zana, na minyororo ya kuzuia mikono hiyo kuyumba imelegea. Hapo tela linahama na mikono yenyewe. Kaza minyororo kama huna njia nyingine, lakini ushauri wangu ni kuhamishia tela kwenye chuma cha kuvutia. Mikono ile inaweza kunyanyuka, na mvuto ukiwa juu trekta linaweza kuinuka mbele na kupindukia nyuma likivuta mzigo.

“Usukani unageuka, trekta haligeuki”

Unakata mpaka mwisho, magurudumu ya mbele yanaburuta ubavu na kuchora ardhi, lakini trekta linarudi moja kwa moja. Kitu cha kwanza cha kuangalia ni loki ya difu. Ikiwa imeshikwa, magurudumu mawili ya nyuma yanalazimishwa kuzunguka sawa, na trekta linakataa kona. Mara nyingi iliwekwa ili kutoka kwenye tope na ikasahaulika, au pedali yake imegoma kurudi kwa kutu na udongo. Ondoa mguu, kanyaga klachi, sogea mbele na nyuma kidogo bila kukata kona, itaachia. Ikibaki imeshika, irekebishwe kabla ya kazi nyingine yoyote.

Cha pili ni uzito. Tela la ekseli moja lililojazwa zaidi mbele linakandamiza nyuma ya trekta na kuinua pua yake. Magurudumu ya mbele yakiwa mepesi, hayashiki ardhi. Sogeza mzigo uwe karibu na ekseli ya tela, ila usiupeleke nyuma kupita kiasi, maana mkono wa tela utaanza kuinuka na magurudumu makubwa ya trekta yatakosa mshiko. Vyuma vya uzito vya mbele navyo vinasaidia.

Na ukiwa unashughulika na nyuma, kumbuka pua. Kila unapokata kona kwa kurudi, pua ya trekta inafagia kwenda upande wa pili. Nguzo nyingi za malango zimegongwa na trekta lililokuwa likirudi nyuma, dereva akiwa amegeuza kichwa.

“Tela linagoma kurudi, linavuta kama limefungwa breki”

Mara nyingi limefungwa kweli. Kagua breki ya mkono ya tela kwanza, kisha kabari zilizosahaulika chini ya matairi.

Baada ya hapo, ujue ni breki ya aina gani. Kuna matela ambayo breki yake huendeshwa na msukumo: trekta likipunguza mwendo, tela linasukuma mbele, mkono wake unaingia ndani na kubana breki. Ukirudi nyuma, trekta nalo linausukuma mkono huohuo ndani, kwa hiyo tela linajifunga lenyewe. Matela mapya ya aina hii yana mfumo wa kujiachia yanaporudi. Ya zamani yana kiwiko au kipande cha chuma cha kuzuia mkono usiingie, ambacho unakiweka kabla ya kurudi. Ukikiweka, hakikisha kimetoka kabla hujaingia barabarani, la sivyo tela litakuwa halina breki.

Kama breki ni ya haidroliki au ya upepo, angalia kama mpira umebanwa au kiungo hakikuingia vizuri. Gusa kitovu cha gurudumu kwa nyuma ya mkono baada ya kutembea kidogo: kimoja kikiwa cha moto kuliko mwenzake, breki yake haiachii.

Sababu ya mwisho ni ardhi. Tairi la tela lililozama kwenye udongo laini ni kizingiti. Kuongeza mafuta kunalisukuma trekta, tela linabaki palepale, na pembe inafunga kwenye pini hata kama ulianza ukiwa umenyooka. Toka kwa kwenda mbele.

“Linavuta upande mmoja, kila siku upande uleule”

Pima upepo wa matairi ya tela, kushoto na kulia. Kisha pima kutoka kwenye tundu la pini hadi kila mwisho wa ekseli. Vipimo viwili vikitofautiana, ekseli imehama. Kwa kawaida bolti zinazoishikilia kwenye springi zimelegea au jani la springi limekatika. Breki inayoshika upande mmoja nayo huleta hali hii. Kama vyote viko sawa, mtazame dereva: huenda anageuka upande mmoja tu, na tela linafuata anakotazama.

“Nikikanyaga breki, trekta linajitupa pembeni”

Matrekta mengi yana pedali mbili za breki, ya gurudumu la kushoto na la kulia, ili dereva ageuke kwa ufupi shambani. Ukiwa na tela zifungwe pamoja kwa komeo lake, uwe unakwenda mbele au nyuma. Ukikanyaga moja katikati ya kurudi, trekta linazunguka juu ya gurudumu hilo na tela linajikunja kabla hujaondoa mguu. Kama zimefungwa na bado linajitupa, breki hazina marekebisho sawa.

“La magurudumu mawili naliweza, la manne linanishinda”

Tela la magurudumu manne ambalo ekseli yake ya mbele inageuka juu ya sahani (duara la chuma linalozunguka chini ya bodi) lina viungo viwili: kwenye pini na kwenye sahani. Ekseli ya mbele inakuwa kama tela dogo la magurudumu mawili linaloongoza tela kubwa. Kinyume kinageuzwa mara mbili, kwa hiyo mwanzoni unakata usukani kuelekea kulekule unakotaka mkia uende, kama gari dogo. Ugumu ni kwamba ukishaanza, kiungo cha mbele kinafunga haraka kuliko bodi inavyogeuka, na kutoka kwenye kiti unaona bodi tu. Mtazame mkono wa tela, usiitazame bodi. Mkono ukifika pembe kubwa, umeshachelewa.

Kwa umbali mfupi na kwa kunyooka inawezekana kwa yeyote mwenye subira. Kwa kona kali, njia yenye busara ni kupanga mzunguko ili uingie kwa mbele na kutoka kwa mbele. Kama trekta lina tundu la pini mbele, unaweza kulifunga tela likiwa tupu kwenye pua, mahali tambarare, ukalisukuma ukilitazama. Ni rahisi zaidi kwa sababu magurudumu ya trekta yanayogeuka yako karibu na pini.

“Uwanjani naweza, mlimani siwezi”

Usijifunzie mlimani. Kurudi nyuma ukishuka, uzito wa tela unalivuta trekta. Ukikanyaga klachi linaongeza mwendo lenyewe, kwa hiyo shuka gia ikiwa imeshika na injini ikizuia. Kurudi ukipanda, uzito unahamia mbele, magurudumu makubwa yanaweza kuteleza, na tela linajikunja pale yanapoteleza. Ardhi iliyoinama ubavuni ni mbaya kuliko zote mbili, kwa kuwa tela lililojikunja linalisukuma trekta kuelekea upande wa bondeni. Hapo mita ishirini za ziada za kuzunguka ni bora kuliko kujaribu. Na tela la kumwagia mzigo lisirudishwe bodi ikiwa imeinuliwa, hata kama pamebaki hatua mbili.

“Nimefika, lakini pini haitoki”

Pini imebanwa kwa sababu trekta bado linasukuma au kuvuta tela. Usiigonge kwa nyundo huku injini inaunguruma na mtu amesimama kati ya trekta na tela. Katika nafasi hiyo hapasimami mtu hata mmoja wakati trekta linasogea, iwe ni kufunga au kufungua.

Weka kabari mbele na nyuma ya matairi ya tela, vuta breki yake ya mkono, shusha mguu wa jeki mpaka ubebe uzito wa mkono wa tela. Kama ardhi ni laini, weka ubao chini ya mguu. Kisha rudi kwenye kiti, msaidizi akiwa pembeni unapomwona, sogeza trekta upana wa kidole tu, mbele au nyuma, ili kuondoa mvutano. Breki ya mkono, gia huru, zima, toa ufunguo. Sasa chomoa mipira ya haidroliki na waya wa taa, toa kilipu, vuta pini. Ikigoma bado, jeki haijabeba uzito wa kutosha: zungusha kidogo, jaribu tena.